Mlango wa Nchi za Joto

Kwa siku sita Mithqali alikuwa akisoma kwa moyo kitabu cha Sheikh Abu Murra, wala hajakosea neno. Ndiyo iliyokuwa desturi ya Basra: anayetaka kibali cha kufundisha kitabu hukisoma kichwani mbele ya mtungaji wake, naye mtungaji hufuatilia kwa kidole kwenye nakala yake. Ukiruka sentensi moja, unarudi nyumbani mikono mitupu. Na bila kibali, hata uwe na elimu ya namna gani, hapana atakayeketi kukusikiliza.

Siku ya saba ukafika mlango aliouogopa, ule unaoeleza jinsi jua linavyowaumba watu wa kila nchi.

"Leo tunafika kwenu," alisema Ghailani, kijana wa kabila la Banu Tamim, ambaye juzi, zamu yake ya kusoma, alishindwa kwenye habari za Waturuki. "Polepole, ndugu yangu, usije ukatupotezea njia."

"Wewe umepotelea kwa Waturuki mpaka leo hujarudi," Mithqali akamjibu. Wanafunzi wakacheka.

Akasoma habari za Wagiriki, akasoma za Wahindi. Alipofika kwa Wazanji, watu weusi wa Afrika, watu wa mama yake aliyeletwa mjini utumwani, akapunguza mwendo. Alitamani kuruka. Hakuruka.

"'Watu wa nchi za joto, jua limewaunguza ubongo. Ni wepesi wa kucheka, wazito wa kukumbuka. Neno la asubuhi, jioni hawanalo.'"

Kidole cha sheikh kikasimama. "Rudia."

Akarudia, neno kwa neno.

"Nani alikufundisha kuhifadhi hivi?"

"Mama yangu, Sheikh."

Mzee akaondoa kidole ukurasani. "Maneno haya niliyakuta kwa waliotangulia," akasema. "Sikumuuliza mtu. Na sasa nakala ziko Marw, ziko Misri, siwezi kuzikimbilia." Akachovya kalamu, akaandika pembeni mwa ukurasa huku akitamka: "Hapa nilikosea. Aliyenisomea mlango huu kwa moyo ni mwana wa Mzanji." Kisha akasema, "Endelea. Kibali utaandikiwa ukimaliza."

Walibaki watu wa baridi, Wasaqaliba, watu weupe wa kaskazini. Kitabu kilisema wametoka tumboni mwa mama zao wabichi, kama mkate ulioepuliwa tanuuni kabla ya wakati. Mithqali akasoma mpaka mwisho. Hapo angeweza kufunga mdomo na kupokea chake.

"Na hawa, Sheikh," akasema, "uliwauliza?"

Ghailani akamvuta kanzu. Sheikh akamtazama Mithqali, akachovya tena kalamu. Aliandika pembeni kwanza, kibali baadaye.