Tisa Ikija

Katika studio ya Faki, mjini Bariadi, hapakuwa na kazi iliyokamilika tangu mwishoni mwa Juni. Kila aliyefika kuulizia video yake alijibiwa kwa maneno mawili: Tisa ikija. Bibi harusi wa Februari alikuja kuuliza akiwa mwembamba, akarudi tena akiwa ametanguliwa na tumbo mlangoni, na mara zote mbili Hamimu, mhariri wa studio, alimjibu bila kugeuza shingo.

"Dada, vumilia. Tisa ikija nitakutoa jasho lote lile la usoni."

Tisa lilikuwa toleo la tisa la programu ya kuhariri video. Watengenezaji wake, huko ng'ambo, walikuwa wameitangaza kwa picha za kung'aa za dakika moja, wakanyamaza bila kutaja tarehe. Kimya hicho kilijazwa na kundi la WhatsApp la wahariri wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu. Mmoja aliapa kwamba itatoka Ijumaa, kwa kuwa hata la nane lilitoka Ijumaa. Mwingine alikuwa na binamu mwenye rafiki aliyekwisha kuijaribu, na eti ilikuwa inafuta mvua. Wa tatu akasema kwamba itaweza kumfanya marehemu awaage waombolezaji wake kwa sauti yake mwenyewe, na hilo likapokewa kwa vidole gumba visivyohesabika. Hamimu aliwasomea wenzake habari hizo kila asubuhi, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Ng'washi alizisikiliza bila kuzifurahia. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mawasiliano ya umma, aliyerudi nyumbani kwa wiki kumi za mafunzo kwa vitendo, na aliamini, wala hakuona haya kulisema, kwamba kamera ni shahidi. Kigoda alichopewa kilikuwa nyuma ya kiti cha Hamimu. Kutoka hapo alimwona mhariri huyo akitafuna miwa kutwa nzima, akiyatema makapi kwenye ndoo isiyo na mfuniko, kisha akivirudisha vidole vilevile, vikiwa bado vinanata, juu ya kipanya cha kompyuta. Nzi walitua juu ya kipanya, wakatembea, wakalamba, wakapumzika. Zamu ya Ng'washi ya kukishika ilipofika, alikifuta kwa leso, na leso ile hakuirudisha mfukoni.

Kilichomfanya aendelee kuja ni dakika kumi na moja.

Katikati ya Julai, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa, makundi mawili ya ngoma yalikutana katika kijiji cha Ngulyati kushindana. Moja lilikuwa la Mwandu, jingine la Masele, na kila mmoja wao ni ningi, yaani mtunzi na kiongozi ambaye kundi hujulikana kwa jina lake. Katika mashindano hayo hakuna jaji anayekaa mezani. Makundi yote mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja katika mduara wake, na watazamaji huenda wanakovutwa. Atakayezungukwa na watu wengi jua likielekea kushuka, ndiye mshindi. Ng'washi alipanda juu ya lori la pamba lililokuwa limeegeshwa pembeni ya uwanja, akawasha kamera, na kwa dakika kumi na moja bila kukata akarekodi kitu ambacho hakuwahi kukiona kikipigwa picha: umati ukihama. Watu walimtoka Masele mmoja mmoja, kisha watatu watatu, kisha kwa mkupuo, mpaka mduara wake ukabaki na muuza miwa, mbwa wawili, na vumbi.

Upande wa Mwandu, mstari wa mbele, alisimama bibi yake Ng'washi, Nyanjige, amevaa kitenge chenye picha za tausi, akiugonga mwavuli wake mweusi chini kwa mapigo ya ngoma. Nyanjige alicheza katika kundi la baba wa Mwandu tangu usichana, na katika maisha yake hakuwahi kuvuka uwazi ulio kati ya miduara miwili, hata kwa kwenda kununua maji. Kaka yake mwenyewe alicheza upande wa pili mpaka alipofariki. Nyanjige alimsalimu njiani tu, ngoma zikishanyamaza.

"Nimeonekana?" bibi alikuwa akimuuliza kila jioni Ng'washi anaporudi nyumbani.

"Umeonekana vizuri, bibi. Subiri itoke."

Haikutoka. Waalikaji wa Lalago na Lingeka walikuwa wakiingoja video hiyo ili wachague kundi la kulialika msimu unaofuata, na Mwandu alikwisha kutuma watu mara nne kuiulizia. Walijibiwa kwamba Tisa ikija. Ng'washi alidhani ni uvivu tu, hadi siku Masele mwenyewe alipoingia studio, kofia mkononi, akavua viatu mlangoni kama walivyofanya wote ili wasilichafue zulia ambalo tayari lilikuwa chafu.

"Mwadila, guku," Ng'washi alimwamkia kwa Kisukuma, kama mjukuu amwamkiavyo babu.

"Mwadila, ng'wanone," akamwitikia kama mtoto wake. Akamgeukia Hamimu. "Hiyo dawa yenu imefika?"

"Bado, mzee wangu. Ila inanukia."

"Mwezi wa pili sasa inanukia. Hata mzoga wa ng'ombe una siku yake ya kuacha kunuka."

Faki, mwenye studio, aliinua uso kutoka kwenye simu. "Mzee Masele, usiiite dawa ndani ya duka langu. Ushirikina mimi sitaki, dini yangu hairuhusu. Hii ni teknolojia."

"Iite utakavyo. Itanirudishia watu wangu?"

"Itakurudishia na wa ziada," alisema Hamimu. "Unachagua watu thelathini tu, unaiambia wafike mia nne. Wanapumua, wanapiga makofi, kila kitu."

Hapo ndipo Ng'washi alipoelewa walichokuwa wakikingojea.

"Lakini, guku," alisema, "mimi nilikuwa juu ya lori. Niliona watu wakihama kwa miguu yao wenyewe."

Masele alimtazama kwa upole, upole ambao ulimkera kuliko ukali. "Ulikuwa juu mno, ng'wanone. Dawa hupita chini. Mwandu aliniibia watu kwa mizizi, dunia nzima inajua. Kwa hiyo mimi sidanganyi, nadai changu. Kila mtu na mganga wake. Wa kwangu ni huyu hapa."

Hamimu alicheka, akifurahia cheo hicho, na kipande cha kapi la muwa kikamdondokea kidevuni.

Alipoondoka mzee, Ng'washi alimwomba Faki video itolewe kama ilivyo.

"Binti," Faki alisema, "picha zilizopigwa kwa kamera yangu ni za studio. Chuoni hawakukufundisha hilo?"

Walikuwa wamemfundisha. Tena alilijibu swali hilo vizuri katika mtihani. Na katika droo ya Faki, sambamba na kadi ya kamera yenye zile dakika kumi na moja, ilikuwamo fomu ya tathmini ya mafunzo ya Ng'washi, ambayo bado haikuwa na sahihi. Akarudi kwenye kigoda chake. Jioni hiyo bibi alipouliza kama ameonekana, alijibu "umeonekana" huku akiuangalia ukuta, na akajiona naye ni nzi miongoni mwa wale wa kwenye kipanya.

Tisa ilitoka Jumanne ya wiki yake ya mwisho. Haikutoka Ijumaa, na waliokuwa wameapa hawakukumbushwa. Ilichukua siku mbili kupakuliwa, na kwa siku hizo mbili Faki alimkataza kila mtu kugusa intaneti. Wao walikaa wakiutazama mstari mdogo wa buluu ukijaa, wakibishana kwa minong'ono kama wako kwenye chumba cha mgonjwa. Alhamisi alasiri Masele aliitwa. Alikuja amevaa shati la shughuli.

Hamimu alifanya kazi kwa ustadi ambao Ng'washi hakujua kama anao. Kwenye mduara wa Mwandu aliwazungushia mstari watu wa mbele, akawanakili, akawapeleka kwenye mduara wa Masele, akaandika idadi. Kompyuta ilikoroma. Kisha uwanja mtupu ule, wa mbwa wawili na muuza miwa, ukaanza kuota watu. Waliota kutoka ardhini kama uyoga, bega kwa bega, safu nyuma ya safu, wakayumba, wakapiga makofi.

"Astaghfirullah," alisema Faki, kwa sauti ya mtu aliyefurahi. "Angalia kivuli. Hadi kivuli imeweka."

Masele alisogeza uso karibu na kioo, mdomo wazi. Ng'washi naye alisogea, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limenasa kitu chenye rangi ya tausi.

Walikuwa bibi sita. Nyanjige sita, katika safu tofauti, kila mmoja na kitenge chake, na miavuli sita myeusi ikapanda kwa pamoja na kushuka kwa pamoja, ikigonga chini kwa ngoma ya Masele. Mmoja alikuwa mnene kidogo kuliko wengine. Mmoja alikuwa amepewa mkono wa mtu mwingine. Katika uso wa aliye nyuma kabisa programu ilikuwa imesahau kuweka macho, ikaweka ngozi tu, laini, kama kisigino cha mtoto.

Ng'washi alimgusa mmoja wao juu ya kioo.

"Huyo ni bibi yangu," alisema.

"Basi mpongeze, amekuwa staa," alisema Faki.

Masele hakucheka. Alinyoosha kidole kilichopinda, akamhesabu Nyanjige wa kwanza, wa pili, wa tatu, na uso wake ukabadilika.

"Mtoe huyo mama," alisema.

"Kwa nini, mzee? Ametoka vizuri."

"Wewe si wa huku, hujui. Huyu hawezi kusimama kwangu. Ngulyati nzima wakimwona hapa, hata kwa jicho moja, watajua ni uongo. Mtoe."

Hamimu alibofya. Nyanjige sita wakazimika, na mahali pao pakazibwa kwa vumbi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Ng'washi aliitazama nafasi ile, na hakujua ni kipi kilichomchukiza zaidi, kuwekwa kwa bibi yake au wepesi wa kufutwa kwake.

"Tena huenda wapo wengine kama yeye," Masele alisema, akiwa bado ameinama. "Macho yangu si ya zamani. Nani mwingine anajulikana ni wa Mwandu?"

Wanaume watatu wakageuka, na kwa mara ya kwanza katika wiki kumi wote wakamtazama Ng'washi. Tisa ilijua kuotesha watu, kuwapa pumzi na vivuli, lakini haikumjua hata mmoja kwa jina.

Faki alifungua droo, akaitoa ile fomu, akaiweka juu ya meza na kuilainisha kwa kiganja. "Mwanachuo, wewe ndiye mwenyeji wa kule. Tuonyeshe wa kutoa, mimi nitie sahihi, tumalizane kwa heri."

Ng'washi aliitazama fomu, kisha kioo.

"Huyo mwenye shati la kijani ni Thomasi," alisema. "Ameoa kwa kina Mwandu."

Hamimu akabofya. Thomasi akatoweka, na wenzake saba waliofanana naye.

"Yule ni Flora wa mashine ya kusaga. Alitengeneza manyoya ya wachezaji wa Mwandu. Nyuma yake Maganga, mpiga ngoma wao wa zamani. Huyo aliyebeba mtoto ni Klementina. Mtoto pia."

"Mtoto pia?" aliuliza Hamimu.

"Mjukuu wa Mwandu."

Alitaja bila kuinua sauti na bila kuongeza neno. Hakumzulia mtu. Kila jina alilolitaja Masele alilitikisia kichwa, kwanza haraka, kisha taratibu, kisha bila kutikisa, akiwa amekaza macho, kwa maana aliwafahamu wote, na alifahamu pia ni wapi walikokuwa wamesimama siku ile. Mduara ukapwaya. Safu zikawa mbili, zikawa moja, zikawa watu wanne waliotawanyika wanaopiga makofi bila sababu. Ng'washi akawataja hao nao.

Walibaki mbwa wawili, muuza miwa, na vumbi.

Hamimu aliondoa mkono kwenye kipanya. Faki alitukana kwa sauti ya chini, akaikunja fomu mara mbili na kuitia mfukoni mwake.

"Umeniharibia kazi," alisema.

"Nimewaonyesha wa kutoa, Kaka Faki. Hakuna aliyekuwa upande huo."

Droo ilikuwa bado wazi. Ng'washi aliichukua kadi, akainyanyua ili wote waione, kwa kuwa hakutaka hata kidogo kufanana na mtu anayeiba. "Naipeleka Ngulyati. Mtu akiuliza, mwambieni ninayo mimi."

Hakuna aliyesimama kumzuia. Masele alikuwa bado ameukodolea macho mduara wake, mikono magotini, na kwa dakika nzima Ng'washi alimhurumia. Alikuwa mzee aliyetazama kitu cha kweli, na kweli ile ilikuwa ikimuuma. Alidhani labda sasa atasema neno la mtu mzima.

Alikuwa mlangoni, ameinama akifunga kanda za viatu, simu ya Hamimu ilipolia kwa ujumbe wa kundi la wahariri.

"Haa, kumbe wenzetu wameligundua hili tatizo," Hamimu alisoma, na sauti yake ikapata uhai. "Wanasema Kumi haitanakili tena. Itatengeneza sura mpya kabisa, za watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Hao hata Ngulyati hawawezi kuwajua."

Masele aliugeuza uso kutoka kwenye kioo.

"Hiyo Kumi," aliuliza, "inatoka lini?"

Ng'washi alikiacha kiatu cha pili bila kukifunga, akatoka nje.