Koti Juu ya Sumaku

Kulabu za kutundikia nguo zetu sisi wafagizi ziling'olewa kwa amri ya mkuu wa jengo. Alisema zinaharibu sura ya ukuta. Ukuta una sura! Koti langu ndilo halina pa kukaa.

Pale maabara kuna chungu kikubwa cha chuma, kimezungukwa na mabomba na pampu za kufyonza hewa yote iliyomo. Ndani yake wanaotesha utando wa sumaku, eti mwembamba hata jicho haliuoni. Mimi nimeona vumbi tu. Kando yake kuna mapande mawili ya chuma yanayotazamana kama wagomvi, yamezungushiwa nyaya za shaba. Hapo ndipo wanapoupima utando wenyewe. Na hapo ndipo nikawa natundika koti.

Niliuliza kwanza, sikujiamulia. Daktari wa pale, mama mmoja asiyetibu hata mafua, alicheka.

"Hii ni sumaku ya umeme, mzee wangu. Ikizimwa ni chuma tu."

Jana koti lilikuwa na kaseti mfukoni. Marehemu mke wangu aliirekodi ampelekee dada yake, kisha akaugua, ikabaki. Sauti yake nyingine sina. Redio yangu ilikuwa kwa fundi, akaniambia nikitoka kazini nipitie na kaseti tuijaribu.

Nikaenda kubadilisha maji ya ndoo. Kurudi, chuma kinavuma kama mzinga wa nyuki, koti limeking'ang'ania, funguo zimesimama wima mfukoni kama zimeitwa na mwalimu. Nikavuta. Likagoma. Nikakanyaga mguu wa mtambo nikavuta tena.

"Mzee, acha!" Daktari alichungulia kutoka chumba cha pili, akarudi mbio kuzima kwenye kompyuta yake. Koti likaachia ghafla, nikaenda chini na ndoo juu.

"Nani katundika nguo hapa?"

"Muulize aliyeng'oa kulabu."

"Mfukoni kuna nini? Simu? Kadi ya benki?"

"Mimi na benki wapi na wapi! Kaseti. Ya mama watoto." Nikaitoa nikamwonyesha.

Akavuta kiti, akakaa.

"Si ni plastiki?" nikamwambia. "Plastiki hailiwi na sumaku."

Akanieleza. Nusu nilielewa, nusu bado inanizunguka kichwani. Eti ule utepe wa kahawia umepakwa vumbi la chuma, na kila chembe ni kisumaku. Mtu akisema, chembe zinajipanga kwa kumfuata. Ikija sumaku kubwa, inazivuruga mpangilio wote.

"Kwa hiyo mke wangu alikuwa sumaku?"

"Sauti yake, mzee."

"Na hilo vumbi bado lipo?"

"Lipo lote."

"Basi kimepotea nini?"

Akatazama sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Si ninyi mnaootesha vitu hivi kwenye chungu? Iotesheni tena."

"Nitapata utando mtupu, mzee. Maneno ya mama siyajui." Akasita. "Tukikata kipande, naweza kukitazama kwa hadubini yetu. Pengine kuna mahali palipopona."

"Na mkasi ukipita hapohapo palipopona?"

Nikairudisha kaseti mfukoni.

Fundi aliiweka kwenye redio, ikatoa shhhh. Akageuza upande wa pili: shhhh. "Babu," akacheka, "mbona hii mpya kabisa?"

Nikachukua redio yangu na kaseti nikaondoka.

Leo kulabu zimerudi. Mkuu alisimama kando yazo akatuambia usalama ni jukumu letu sote. Sote! Alipokuwa anazing'oa tulikuwa sote?

Jioni hii nimeiweka kaseti tena. Naijua yote. Anamsalimu dada yake, anamsimulia ninavyokoroma, anakohoa, kisha ananigeukia: "We baba, funga mlango, vumbi linaingia!" Nimekaa nikisikiliza shhhh, na sijui kama ninamsikia au ninamkumbuka, na kama kuna tofauti, anayeijua ni nani. Daktari? Yeye anasema hakuna kitu humo. Yeye huyohuyo alisema ni chuma tu.

Ikafika palepale. Nikainuka kwenda kufunga mlango. Nikaukuta umefungwa.

Nikaufungua, nikaufunga.