Mkwe Yupo Ukumbini

Kwenye mafunzo ya madiwani wanawake, katika ukumbi mmoja wa Nyakato, Musoma, hakuna aliyemfikia Bhoke. Siku tatu mfululizo alisimama, akachangia, akajibu hoja, mpaka wenzake wa Bunda wakambandika jina la Spika. Mwalimu Eunice, aliyewafundisha, alimkosoa kitu kimoja tu: "Ukijibu hoja, mtazame mpinzani wako machoni."

Bhoke aliitikia tu. Mpinzani wake alikuwa mkwewe.

Hapo ndipo penye shughuli. Mzee Mwikwabe, baba wa mumewe, alikuwa diwani wa kata yao tangu Bhoke hajaolewa. Na kwao, upande wa Butiama, mkamwana hamtazami mkwe usoni, hamtaji jina, wala habishani naye. Miaka kumi na mmoja, Bhoke akisikia kikohozi cha mzee uani, alipita upande wa pili wa nyumba. Alipopata udiwani wa viti maalumu watu walipiga vigelegele, wasikumbuke kwamba hao wawili watakaa ukumbi mmoja. Vikao viwili vikapita Bhoke ameinamia makabrasha, kimya.

Kikao cha tatu ndicho kilichomnyima usingizi. Bomba la maji lilikuwa moja, na mzee alilitaka kwenye josho la ng'ombe. Zahanati isubiri. Bhoke mwenyewe alijifungulia pale, na alikwenda na ndoo yake ya maji kichwani, uchungu umeshamshika. Akinyamaza tena, kura za wanawake wenzake alizitafutia nini?

Siku ya mwisho ya mafunzo alimfuata Mwalimu Eunice. "Mwalimu, hapa naongeaga vizuri kwa sababu yeye hayupo. Kule siwezi kumuangalia. Ni mkwe."

Eunice, mtu wa mbali, mila hiyo hakuijua. Bhoke akafungua kijitabu cha kanuni za vikao walichogawiwa, akakisoma kidole kikitembea mstari kwa mstari. Alipofika katikati akacheka peke yake.

Siku ya kikao, mzee alipomaliza kulisifia josho, Bhoke alisimama akamkazia macho mwenyekiti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kanuni inasema niongee na wewe peke yako, na mwenzangu nisimtaje jina. Hiyo kanuni naipenda sana."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bhoke akaieleza ile ndoo, na kilima cha kwenda zahanati, na jinsi alivyoketi njiani mara mbili. Kura zilipopigwa kwa kunyoosha mikono, bado alikuwa anamtazama mwenyekiti. Zahanati ilishinda kwa kura moja.

Alitoka mbio kuwahi nyumbani. Kubishana na mkwe ni kosa, kumshinda je? Akapika, akaandaa, akajibanza nyuma ya mlango wa jiko. Akamsikia mzee anaingia, anakaa, anamgeukia mkewe, Mama Nyamburi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Mwambie mheshimiwa wa viti maalumu, ile habari ya ndoo nilikuwaga siijui. Tunaishi naye boma moja, na sikujua." Akanawa mikono. "Mwambie na ile kura moja, ilikuwa ya kwangu."

Nyuma ya mlango Bhoke alijifuta machozi kwa kanga.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mwambie mheshimiwa diwani, ugali unapoa."