Mwendo wa Mpakani

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Mtu akinisalimia asubuhi kwa kicheko kirefu, najiuliza anataka nini. Tangu mume wangu Fridolin afariki, tabia hiyo imenisaidia sana, maana mjane mwenye shamba zuri hapa Michenga anatembelewa na watu wengi wenye shida zisizoeleweka.

Shamba lenyewe liko bondeni, na ndilo linalotulisha mimi na wanangu. Mpunga ukianza kutoa masuke nahamia huko, naamia ndege wasiule, kutwa nzima nikiwa juu ya dungu, kichanja kirefu cha kulindia shamba. Ukikaa pale juu hakuna kinachokupita. Mwaka huu nilimwona mwalimu.

Ni mgeni, anaitwa Egidius, anafundisha Kiingereza sekondari. Kila jioni alikuja peke yake kwenye njia ya mashambani na kutembea miendo ya ajabu. Mara ananyata ameinama kama anavizia kwale. Mara anajikokota, anasimama, anatazama juu. Mara anaiacha njia, anaingia kwenye majani, halafu anashtuka na kurudi. Muda wote midomo inachezacheza. Nikasema huyu ama ni mwizi, ama ana mambo yake anayafanya kwenye mpunga wa watu. Siku aliyoniamkia, nilimwitikia marahaba kwa shingo upande.

Kisha jioni moja ya manyunyu, mwanga umeshafifia, nikaona mtu mwenye koti la mvua juu ya tuta la mpaka wangu. Uso sikuuona. Alikwenda kwa hatua ndefu zilizolingana mpaka kwenye pembe, akasimama, akakandamiza kisigino kwenye udongo, akageuka na kuufuata upande mwingine. Pembe iliyofuata akafanya vilevile. Nilipogonga debe langu la kufukuzia ndege akatoweka upesi. Anayetembea hivyo anapima, na anayepima shamba lako ameshapata mnunuzi.

Nilikwenda kwa shemeji yangu Beatus, mdogo wa marehemu, nikamwambia nimeona mtu mpakani. Sikuongeza neno, kwa sababu habari nzima simpi mtu yeyote.

"Ni yule mwalimu," akasema papo hapo. "Huyo katumwa na matajiri wa mjini, shemeji. Twende kwa mwenyekiti."

Nilimshukuru. Nilijiona bado nina mtu upande wangu.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Agapiti, alituita uwanjani kwake Jumapili baada ya misa. Watu walijaa. Mwalimu alifika jasho likimtiririka.

"Mwalimu, mama huyu anasema unazurura shambani kwake. Unatafuta nini?" mwenyekiti akamuuliza.

"Shikamooni wazee wangu. Sizururi, mzee. Najifunza kutembea."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Akaeleza kwamba Waingereza wana maneno mengi ya mtu anayetembea bila safari maalumu, na wanafunzi wake wanayachanganya yote. Kwao kila mtembezi anazurura tu. Kuwaeleza kwa mdomo ameshindwa, kwa hiyo anawaonyesha mbele ya darasa. Mazoezi anakwenda kuyafanyia bondeni kwa sababu kwenye nyumba za walimu wenzake wanamcheka.

"Hebu tuonyeshe," akasema mwenyekiti.

Kwanza akafanya *stroll*: mikono nyuma, taratibu, baba aliyeshiba anapunga upepo. *Roam* akaufanya kwa kuuzunguka uwanja wote, mbali na karibu, kama mfugaji anayekwenda popote penye malisho. Kwenye *loiter* alisimama karibu na mlango wa mwenyekiti, akasogea kidogo, akasimama tena, hana shughuli wala haondoki. Hapo hata mimi ningemfukuza. Kwenye *stray* akatembea amezubaa, na alipozinduka alikuwa katikati ya mihogo, kama ndama aliyepotezana na kundi. Akamalizia na *prowl*. Akanyata, mabega chini, macho yakitafuta cha kukamata, na watoto wakakimbilia kwa mama zao.

Nilimkazia macho mwendo baada ya mwendo. Yote hiyo nilishaiona bondeni. Ule wa mpakani haukuwamo.

"Anaficha!" Beatus akaruka juu. "Mbona ule wa shambani kwa shemeji hauonyeshi?"

"Ukoje huo?" mwenyekiti akauliza. "Tuonyeshe wewe basi, sisi hatukuwepo."

Beatus alikuwa amepandwa na hasira. Akaingia katikati ya uwanja, akaenda kwa hatua ndefu zilizolingana mpaka kwenye pembe, akasimama, akakandamiza kisigino vumbini, akageuka.

Nikasimama.

"Shemeji," nikasema, "hicho kisigino nani kakwambia?"

"Si wewe?"

"Mimi nilikwambia nimeona mtu. Basi."

Beatus alitazama mguu wake, akamtazama mwenyekiti, kisha akaanza kusema harakaharaka. Alikuwa anaangalia tu. Shamba ni la ukoo. Kuna mtu Ifakara ameliulizia, na yeye alitaka kujua ukubwa wake kwanza ndipo aje tuongee.

Niliumia kuliko siku ya maziko, maana siku ile yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini. Nilimwomba mwalimu msamaha mbele ya wote. Akaniambia yamekwisha, mama.

Mwenyekiti akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka mpaka wangu utambuliwe leo hii, mbele ya hawa wote, na shemeji awepo. Wakakubali. Umati mzima ukashika njia ya bondeni, na Beatus akawa anajivutavuta ili abaki nyuma yangu.

"Hapana, shemeji," nikamwambia. "Wewe tangulia, nikuone unavyotembea."