Ncha ya Moyo wa Reli

Kigari kiliacha reli tena, mawe meusi yakamwagika, na mama Nyiramahirwe, aliyekuwa akiponda kokoto pembeni, akasema bila kuinua uso kwamba reli hii kazi yake ni kupanda mawe kama viazi. Watu walicheka. Masika hakucheka.

Reli ile aliitandika baba yake, muzee Kasereka. Alizeekea katika kazi ya reli kule Kalemie, kisha akaja Goma na kulaza reli nyembamba juu ya lava, nyuma ya mtaa wa Katoyi, ili mawe ya machimbo ya familia yasibebwe tena kichwani. Njia iligawanyika sehemu mbili: mkono mmoja ulikwenda kwenye mashine ya kusaga, mwingine barabarani. Pale reli moja ilipokatiza nyingine palikaa kipande cha chuma chenye umbo la kichwa cha mkuki. Watu wa reli hukiita moyo. Muzee alipokwisha kuzikwa, moyo ule ukapasuka, na Benny, fundi wa soudure, muunga vyuma wa mtaa wa Majengo, akatengeneza mwingine. Huo mpya ndio uliokuwa ukimwaga mawe.

Baba mukubwa Henri, kaka ya marehemu, alilisema neno lake kwa upole, na upole huo ndio uliochoma. Reli hii ilimtii mtu mmoja tu, alisema, na mtu huyo amelala. Jumamosi ya misa ya kuondoa matanga ukoo wote utakuwepo. Kigari kikishindwa kupita siku hiyo, reli zing'olewe, wanunuzi wa vyuma wazichukue. Kwa Masika, hiyo ilikuwa kumzika baba mara ya pili.

Vipimo vya muzee vilikuwapo nyumbani, ndani ya gunia lililofungwa kwa kitambaa cheusi. Lakini katika nyumba yao vyombo vya marehemu havifunguliwi kabla matanga hayajaondolewa, na mama yake, Mama Apolline, hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Ndiyo maana Benny alipima kwa akili yake mwenyewe.

Masika akamuuliza alipima namna gani.

Benny alieleza bila kinyongo. Aliushika moyo uliopasuka, akaweka mita kwenye ncha, akaenda mpaka mahali pande mbili zilipoachana sentimita kumi. Akapata hamsini na tatu. Kwa hiyo kila hatua moja ya kuachana ilidai hatua tano na kidogo za kwenda mbele, na kwa pembe hiyo akauunga moyo mpya.

Masika aliinama, akaupapasa moyo wa zamani. Ncha yake ilikuwa butu, pana kama kidole cha mwisho. Hapo akaisikia sauti ya baba, siku moja wakila sambaza, samaki wadogo wa ziwa, akiwacheka wanafunzi wa kazi: chuma chembamba hakiwezi kubeba gurudumu, kwa hiyo ncha hukatwa tangu kiwandani.

"Benny, hii ncha ni ya uongo," alisema. "Ncha ya kweli iko mbele yake, mahali hakuna chuma."

Benny alikuna kichwa. "Sasa mutu anapima namna gani kitu hakiko?"

"Tunaifuata kwa kamba."

Wakauondoa moyo mpya. Mataruma ya muzee, magogo yanayobeba reli, hayakuwa yameguswa, na reli zake mbili zilikuja kutoka huku na huku kama alivyozipigilia. Masika alivuta kamba kando ya kila reli, upande ambao gurudumu hugusa, mpaka kamba zikapishana hewani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akaweka raporteri yake ya shule, ya kupimia pembe, chini ya mpishano ule. Nyuzi tisa na nusu. Akatafuta tangente ya pembe hiyo kwenye simu, akagawanya moja kwa jibu lake. Tano nukta tisa nane. Karibu sita.

Hakuiamini raporteri ya plastiki kwa nusu nyuzi. Akatafuta kamba zilipoachana sentimita kumi, akatia alama ya chaki, kisha zilipoachana ishirini, akatia nyingine. Namna hiyo ncha haikuwa na la kusema. Kati ya chaki na chaki, sentimita sitini kamili.

"Sita," alisema Masika. Baba alizoea kusema namba sita kama mtu anavyotaja jina la mtoto wake. Moyo wa Benny ulikuwa karibu nyuzi kumi na moja. Ulikuwa ukilisukuma gurudumu lipande juu.

Benny alirudi Majengo na kipimo hicho cha sita, akauunga moyo upya.

Jumamosi walitoka misani, wakaja machimboni na nguo zao za sherehe. Henri alisimama karibu na moyo, mikono nyuma. Wasukumaji walikijaza kigari mpaka juu, wakakisukuma. Kiliteremka kikinguruma, kikaufikia moyo, kikagonga mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwake, kikapita. Wakakirudisha, wakakipeleka mkono wa pili. Kikapita. Vigelegele vikapanda.

"Papa Henri," mama Nyiramahirwe aliita, "sasa utauza nini? Labda kofia."

Henri alicheka kwanza, kisha akavua kofia kweli, akampa Masika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema mbele ya ukoo kwamba reli haing'oki, na mwenye kuitunza anaonekana.

Mama Apolline ndiye aliyelifungua gunia. Alitoa nyundo, kipimo cha upana, na mwisho kabari ya mbao ya kupimia moyo, iliyong'arishwa na kiganja. Akamkabidhi binti yake. Masika akapiga magoti na gauni lake jipya, akailaza kabari juu ya moyo, ukingo kwa ukingo. Haikuacha mwanya hata wa unywele. Ila ncha ya mbao ilikuwa kali, haikukatwa. Ilipita mbele ya chuma, ikaonyesha mahali patupu palepale kamba zake zilipokutana.