Kiti cha Kushoto

Mtu mzima na mvi zake anakupigia simu Ijumaa jioni, anakwambia kesho ana jambo kubwa la kukuuliza. Sasa wewe ufanyeje? Zilpah alifanya kile ambacho mwanamke yeyote mwenye damu mwilini angefanya. Alikwenda kusukwa kwa binti wa Kiganda aliye nyuma ya hoteli, hapo Juba, Sudan Kusini, akatoa kitenge ambacho hakijavaliwa tangu akinunue, akakipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe, ingawa kazi yake pale hotelini ni kuwasimamia wapiga pasi. Asubuhi alijipaka mafuta, akajitazama kwenye kioo, akajiambia, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo."

Kumbe jambo lenyewe ni gari!

"Mama Linus," Fulgensio alisema akiwa amesimama langoni kwa hoteli, kofia mkononi, "mimi iko na gari nataka kununua. Lakini nataka wewe kwanza naona. Unaniambia kama inafaa ama haifai."

Zilpah alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye nywele zake mpya. Gari! Yeye na magari wapi na wapi? Mwulize shuka lenye doa la chai, atakujibu. Mwulize sabuni gani haichubui rangi, atakujibu. Lakini haya mambo ya injini, jamani, si angemtafuta fundi?

"Twende basi," akasema, kwa sauti kavu kama mkate wa juzi.

Na si kwamba alikuwa na muda wa kuchezea. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unafika mwisho, na meneja alitaka jibu Jumatatu: anaongeza, au anarudi Kenya. Fulgensio alijua mkataba unakwisha, ila si siku yenyewe. Linus, mwanawe wa pekee, alikuwa amemaliza chuo na kupata kazi Nakuru, kwa hiyo hakukuwa na karo tena ya kumtoa mama mtu jasho katika nchi ya watu. Kule Vihiga nyumba yake ilimngoja na kufuli mlangoni. Hakuna kitu kilichomshika Juba, joto lile na vumbi lile, isipokuwa huyu mwanamume na kofia yake. Akimwambia "baki", atabaki. Asipomwambia, Jumatatu atamuaga meneja na kufunga virago. Na yeye Zilpah hatamtangulia kusema. Mjane wa Kimaragoli wa umri wake amtongoze mwanamume langoni kwa hoteli? Ng'o!

Walijuana kwa sababu ya waya. Fulgensio, au Baba Santina kama Zilpah alivyozoea kumwita, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale soko la Custom, na Zilpah alikwenda kununua waya wa kuanikia nguo. Badala ya kumuuzia tu, Fulgensio alikuja mwenyewe kuufunga, akauvuta na kuujaribu, akaurudia tena mpaka akaridhika. Basi tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, alifika hotelini na nanasi la Yei. Walikaa kwenye benchi la nje, wakala nanasi, wakatazama barabara. "Mvua itanyesha," Fulgensio alisema. "Itanyesha," Zilpah alijibu. Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yao, na kama unacheka, cheka, lakini Zilpah aliisubiri Jumapili kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Alimpenda. Aliupenda ukimya wake, na jinsi alivyolikata nanasi akampa yeye kipande cha katikati.

Walikwenda mtaa wa Mauna kwa pikapu ya dukani. Uani kwa dalali, kati ya karakana za kuchomelea vyuma, gari lilikuwa linang'aa utadhani limepakwa mafuta ya nazi. Jeusi, refu, viti vya ngozi, vioo vya giza. Lilikuwa la mkurugenzi wa kampuni fulani aliyehama.

"Karibu mama, karibu!" Isaac, yule dalali, aliruka kutoka kitini. Alikulia Nairobi na Kiswahili chake kilikuwa cha mbio. "Hili si gari, hili ni sebule! Kiyoyozi kinakugandisha. Injini husikii, unaweza kulala kama uko kwako. Ukishuka kwa hili gari watu wanasimama, mama, wanasimama!"

Zilpah alikumbuka wahenga: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alizunguka gari, akaona tumbo lake lilivyokuwa karibu na ardhi, akayafikiria mashimo ya mtaa ule mvua ikinyesha.

Isaac alifungua mlango wa nyuma kwa madaha. "Mama bosi anakaa hapa. Hapa ndipo pa wakubwa."

"Hapana," Fulgensio alisema. Lilikuwa neno la kwanza kulitamka kwa nguvu tangu asubuhi. "Isaac, wewe kaa nyuma. Mama Linus nakaa mbele, na mimi."

Zilpah akaketi mbele, upande wa kushoto. Kwao Kenya hapo ndipo anapokaa abiria, hilo lilikuwa sawa. Lakini Juba watu huendesha upande wa kulia wa barabara, na gari hili lilitoka Uganda, usukani wake ulikuwa kulia. Kwa hiyo dereva alikaa huko pembeni, karibu na mtaro na watembea kwa miguu, na aliyekaa katikati ya barabara, akiyatazama magari yanayokuja, alikuwa Zilpah. Magari ya namna hiyo ni mengi mjini, lakini yeye hajawahi kukaa mbele katika mojawapo. Pikapu ya Fulgensio usukani wake uko kushoto.

Walishika barabara ya Nimule, iendayo mpaka wa Uganda. Sebule kweli! Gari lilikwenda bila kelele, baridi ikampuliza usoni, na mgongo wake, ambao pikapu huutwanga kama mahindi kinuni, ukatulia. Zilpah aliegemeza kichwa na kwa dakika moja akasahau hasira. Alijiona amekaa hivyo kila Jumapili. Kisha akakumbuka kwamba Jumapili ya wiki ijayo atakuwa Vihiga, na macho yakaanza kumchoma. Alijifanya anatazama vibanda vya kando.

Mbele yao kulikuwa na lori lililobeba kreti tupu za soda, linakwenda kama limetumwa kuzika. Fulgensio alisogea nyuma yake. Akanyoosha shingo kushoto, akainyoosha tena. Haoni kitu, ila kreti.

"Mama Linus," akasema polepole, "iko nini mbele?"

"Mbele wapi?"

"Huko upande wako. Mimi sioni. Wewe naangalia kwa ajili yangu."

Zilpah aliinuka kidogo kitini, akachungulia. Kulikuwa na basi linakuja. "Bado!" akapaza sauti. Basi likapita kwa kishindo. Nyuma yake kulikuwa na boda. "Bado, bado, ngoja." Boda ikapita. Barabara ikawa nyeupe mpaka kule kwenye kona. "Sasa! Nenda!"

Na Fulgensio akaenda. Hakupunguza mwendo, hakuchungulia mwenyewe. Mtu huyu anayefunga kufuli la duka kisha anarudi kulivuta tena, akifika kwenye pikapu anarudi mara nyingine! Kwa neno lake Zilpah tu, aliligeuza gari zima na roho zao tatu, akalitupa katika upande wa magari yanayokuja huku haoni lolote. Walilipita lori, wakarudi upande wao, na Fulgensio akasema, "Asante," kama mtu aliyepitishiwa chumvi mezani.

Zilpah moyo ulimdunda, na si kwa woga. Alimtazama kwa pembe ya jicho. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini namna hiyo, hata marehemu mumewe, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa akikagua hata ugali kama umeiva.

Walilipita lori la pili, na la tatu. "Bado." "Sasa." "Bado, Baba Santina, kuna ng'ombe." "Haya, nenda." Kufikia walipogeuza kurudi mjini walikuwa wameshazoeana kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja, na Fulgensio alikuwa anatabasamu, yeye ambaye meno yake huonekana Pasaka kwa Pasaka. Nyuma, Isaac alikuwa kwenye simu akimuuzia mtu mwingine pikipiki.

Pale Mauna, kwenye dimbwi la mvua ya jana, gari likakwaruza tumbo kwa sauti ya kutia uchungu. Wakaingia uani. Fulgensio akazima injini.

"Haya mzee!" Isaac akakata simu. "Si umeona? Tufunge biashara?"

Fulgensio aligeuka kushoto. "Mama Linus. Inafaa?"

Zilpah alipima majibu mawili. Akisema linafaa, huyu mtu atamwaga akiba yote ya duka kwenye gari la kifahari, na yeye mwenyewe hayupo wiki ijayo. Akisema halifai, shauri limekwisha, atarudishwa hotelini, na labda watakumbushana kwamba mvua itanyesha, basi. Ulimi ulitaka kusema linafaa, ili tu mambo yasiishe. Lakini mtu ameingia barabarani macho yamefumbwa kwa neno lako, utamdanganyaje?

"Halifai," akasema.

"Mama!" Isaac akalia.

"Nimeulizwa, ninajibu. Ni zuri, halina mfano, lakini halifai. Tumbo liko chini, mvua kubwa zikianza hutoki nyumbani. Spea utazifuata Kampala. Na huu usukani, Baba Santina! Ukiwa peke yako utafuata lori mpaka Nimule na kurudi. Hili gari haliendeshwi na mtu mmoja."

"Najua," Fulgensio alisema.

"Unajua?"

"Tangu Jumatano najua. Isaac alinipa, mimi naendesha peke yangu. Nakaa nyuma ya lori moja, naogopa kupita. Naangalia hiki kiti, hakuna mtu. Nasema, kama Mama Linus iko hapa, yeye naniambia." Alikuwa anaikunja kofia utadhani anakamua nguo. "Nyumba yangu mtaa ya Juba na Bari pia iko hivyo. Tangu mama ya Santina alikufa kule Uganda, mimi iko tu nyuma ya lori. Nasema, nampeleka Mama Linus kuona gari. Akisema inafaa, nanunua, anakaa hapa. Akisema haifai..."

"Akisema halifai?"

"Hapo mimi sikupanga."

Isaac alikuwa ameiweka simu pembeni. Nje, kelele za kuchomelea vyuma zilikuwa zimetulia, au labda Zilpah ndiye aliyeacha kuzisikia.

"Baba Santina," akasema, "mficha uchi hazai. Kama una swali kwangu, niulize mimi. Usilitume gari."

Fulgensio alijifuta jasho, ingawa baridi ya kiyoyozi ilikuwa bado haijaisha.

"Nakuuliza wewe. Mimi nakupenda. Jumapili tukikula nanasi mimi nataka kusema, halafu nasema mvua. Usiende Kenya. Bakia, tuoane."

Haya! Mwanamke amengoja maneno miezi na miezi, ameyapigia pasi kitenge, na yalipokuja alijikuta analia kama mtoto mbele ya dalali wa magari. Alilia, akacheka, akajifuta kwa upindo wa kitenge kile kile.

"Unajua ulikuwa umebakiza siku mbili?" akamfokea. "Siku mbili! Ningekuwa kwenye basi, na wewe uko hapa unahesabu magurudumu!"

"Pole, mama."

"Na usidhani imekwisha. Utakwenda Vihiga na wazee wako, ukae mbele ya kaka yangu Gerishon, uniombe kama watu wanavyoombana. Na huko kaka yangu anataka mtu anayeongea. Ukimwambia mambo ya mvua atakufukuza."

"Naongea. Kweli naongea. Hata sasa si naongea?"

"Unaongea," Zilpah akakubali, na akauweka mkono wake juu ya ule uliokuwa unaitesa kofia.

"Kwa hiyo gari tunachukua!" Isaac alidakia kutoka nyuma, akijifuta macho naye pia, kwani dalali ni binadamu. "Mama, si umesema la watu wawili? Si mko wawili?"

"Ala! Wewe Isaac nyamaza," Zilpah akasema. Kisha akamgeukia mwanamume aliyekuwa kando yake, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina lake. "Usinunue gari, Fulgensio. Mimi ninabaki."

Fulgensio akachomoa ufunguo, akampitishia Isaac huko nyuma bila kugeuza kichwa, kwa maana hakutaka kumwacha Zilpah hata kwa jicho.