Gari Lililonyamazishwa

Uvumi wenyewe ulianzia kwa Khalayi muuza mboga, hapo Amalemba, na Jescah akashindwa kuutoa kichwani. Kwamba kuna gari dogo lililolaza tairi kwenye barabara ya Webuye, kama mtu aliyeteguka kifundo cha mguu, na msichana aliyekuwa ndani akazikwa sanduku limefungwa. Gari la nani? Khalayi hakujua. Siku gani? Hakujua.

"Lakini ilikuwa inalia," alisema akifunga mrenda. "Wiki tatu nzima, kong, kong, kong. Watu wanasikia, wanapita."

Jescah aliisahau mboga yake pale pale. Gari la binti yake nalo lilikuwa likilia.

Mideva alikuwa muuguzi katika zahanati moja huko Malava. Alikwenda na kurudi kila siku na kigari cheupe kilichokwisha kutembea kilomita laki tatu na elfu themanini. Mama yake alikijua kwa masikio. Jioni, kong ya tuta la kwanza karibu na nyumbani ilipolia, alibandika maji ya ugali. Kong ya tuta la pili, alichukua mwiko. Sasa kila kong aliuweka mwiko chini, akatoka mlangoni kutazama.

Jumamosi mama na binti wakalipeleka gari kwa fundi Shikanga. Akapiga jeki, akalishika tairi la mbele juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Mama Mideva, hii gari haiendi mahali. Bushi, hizi raba za mkono wa chini wa tairi, zimekufa, ndizo zinapiga kelele. Lakini mbaya zaidi ni boljointi, hii kichwa ya mviringo inashikanga mguu wa tairi. Ikichomoka, tairi inalala. Tubadilishe zote, kushoto na kulia. Spea zitatoka Eldoret Alhamisi."

"Na mpaka hiyo Alhamisi?"

"Inakaa hapa na mimi. Nitaiimbia isisikie upweke."

Mideva hakucheka. Alikuwa na barua mbili za onyo la kuchelewa kazini, zote za siku gari lilipokuwa bovu akangoja matatu zijae. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza. Akawasha gari, wakaondoka.

Aliyemkumbuka Philemon ni Jescah mwenyewe. Waliimba naye kwaya, na alitengenezanga magari nyuma ya kinu cha posho. Jumapili baada ya ibada akamwita nyumbani.

"Bwana asifiwe, dada."

"Asifiwe sana. Ndugu, Shikanga anasema ati boljointi imeisha."

"Shikanga!" Philemon akacheka mpaka akashika goti. "Huyo hata ukimpelekea wilbaro atakwambia boljointi imeisha. Nitaipaka grisi. Wewe unataka nini, dada?"

"Nataka hiyo sauti iishe tu."

Hilo ndilo aliloomba. Hakumwambia apige jeki, hakumwambia alitikise tairi. Kumtaka ndugu wa kwaya akuonyeshe kazi yake ni kama kumwita mwizi, na Jescah hakuwa mtu wa kumwita ndugu mwizi.

Philemon akasema anahitaji mpira mgumu wa kujazia bushi. Jescah akaingia chumbani, akaangua akala za marehemu mumewe, Nehemiah, viatu vilivyokatwa kwa tairi la lori na kutundikwa kwenye msumari miaka mitano.

"Chukua hizi. Babake atamshikilia."

Philemon akazikata kwa kisu, akazisokomeza kwenye bushi, akaipaka boljointi grisi, akakaza nati. Gari likanyamaza.

Jumatatu jioni Mideva alimkuta mama yake akichambua maharagwe. "Mama! Hata hukunisikia!" Wakacheka wote wawili. Siku kumi na tisa Jescah alilala usingizi wa mtoto.

Siku ya ishirini alibandika maji kwa kukisia. Yakachemka, yakapungua, akaongeza. Hakukuwa na sauti ya kumwambia kitu. Simu ilipolia alikuwa Quinter, muuguzi mwenzake Mideva. Gari lilikuwa halijatoka hata Malava. Kwenye tuta la huko Malava tairi la kulia lililala, gari likaenda mtaroni likagonga kalvati. Mideva alikuwa hai. Kuanzia kiunoni kwenda chini, hakusikia kitu.

Shikanga ndiye aliyemsindikiza Jescah kuliona gari, akisimuliwa njiani habari ya akala. Akainama, akafuta matope kwa kidole.

"Mpira wako uko hapa, mama. Haujasonga hata kidogo."

Ulikuwepo kweli. Jescah aliona hata tundu za misumari ya akala. Kilichochomoka ni kile kichwa cha mviringo, shubiri moja tu pembeni yake. Shikanga hakusema, "Nilikwambia." Angesema, pengine ingekuwa afadhali.

Philemon alikuja na kwaya, wakaomba, akalia kuliko wote. Jescah hakuweza hata kumchukia. Philemon alifanya alichoombwa tu.

Sasa Mideva analazwa karibu na dirisha. Miezi saba imepita. Daktari ameacha kutaja kutembea. Jioni magari ya watu yakipita kwenye matuta, anageuza kichwa. "Mama, hiyo ni bushi. Mwambie dereva." Jescah anakimbia mpaka barabarani, anapunga leso. Wengine hudhani anaomba lifti. Mmoja alisimama, akasikiliza, akasema, "Hii imezoeanga hivyo, mama," akaenda zake.

Basi akaandika kwenye katoni, akaigongomea kwenye nguzo ya tuta la kwanza karibu na kwake. Mvua imeifuta mara mbili, ameiandika mara tatu. Hajaona aliyesimama kuisoma.

USIMWAMBIE FUNDI AONDOE SAUTI. MWAMBIE ATAFUTE UGONJWA.
USIJAZE BUSHI KWA MPIRA WA TAIRI AU AKALA.
USIPAKE GRISI BOLJOINTI ILIYOISHA. NI YA KUTUPA.
USIBADILISHE UPANDE MMOJA.
USIONE HAYA KUMWAMBIA FUNDI AKUONYESHE, HATA KAMA MNAOMBA PAMOJA.
USIENDESHE UKINGOJA SPEA. KAZI IKIPOTEA, IPOTEE.
GARI IKINYAMAZA USIFURAHI. PIGA JEKI, TIKISA TAIRI.